Kiingereza cha Chumbani Kwanza: Mwongozo kwa Mzazi wa Mtoto wa Miaka 11 hadi 14

Mtoto wa miaka 4 akikosea neno, watu hucheka na yeye hucheka nao. Mtoto wa miaka 12 akikosea neno lilelile mbele ya wenzake, atalala nalo na kuamka nalo, na wiki nzima mkono wake hautainuka darasani. Mwongozo huu wote umejengwa juu ya tofauti hiyo.

Nimewafundisha Kiingereza watoto wa rika hili kwa muda mrefu, na sikumbuki hata mmoja aliyekwama kwa kukosa akili. Waliokwama walikwamishwa na aibu, au na mzazi mwenye haraka. Ndiyo maana ninapendekeza Kiingereza kikue kwanza mahali ambapo hakuna anayecheka: chumbani, masikioni, ndani ya daftari. Kikishapata miguu, kitoke nje kidogo kidogo.

Kwanza tuondoe hofu mbili.

Hofu ya kwanza ni umri. Husemwa sana kwamba asiyeanza lugha akiwa mdogo amechelewa. Mwaka 1978 watafiti Catherine Snow na Marian Hoefnagel-Höhle walichapisha matokeo ya kuwafuatilia wasemaji wa Kiingereza wa umri mbalimbali waliohamia Uholanzi na kuanza kujifunza Kiholanzi. Walioongoza miezi ya mwanzo hawakuwa wadogo wa miaka 3 hadi 5. Walikuwa vijana wa miaka 12 hadi 15 pamoja na watu wazima. Kijana wa umri huo anajua kusoma, anaweza kuelezwa kanuni akaielewa, na anaweza kulinganisha lugha mbili kichwani mwake, kazi ambayo mtoto mdogo haiwezi. Aliyeanza utotoni ana nafasi kubwa zaidi ya kupata lafudhi ya mzawa, hilo ni kweli, lakini lafudhi ya mzawa si lengo letu. Lengo letu ni aelewe na aeleweke.

Hofu ya pili inatokana na kutojua tunachokitafuta. Mwaka 1979 Jim Cummins alitenganisha lugha ya mazungumzo ya kila siku na lugha ya masomo. Kwa watoto wahamiaji wanaoishi katikati ya Kiingereza, ile ya kwanza huchukua kama miaka 2, na ya pili kati ya miaka 5 na 7. Soma tena sentensi hiyo kabla hujamgombeza mwanao kwamba ana mwaka mzima wa Kiingereza na bado anababaika kwenye insha. Miaka mitatu ya umri huu inatosha kumfanya azungumze, asome vitabu vya rika lake na kuandika barua inayoeleweka. Lugha ya masomo itaendelea kukomaa baada ya hapo.

Hatua ya kwanza: pima bila kumwambia kuwa unampima

Mwombe arekodi sauti yake kwenye simu kwa dakika 2 akieleza kwa Kiingereza alichofanya jana. Awe peke yake, mlango umefungwa. Akichanganya na Kiswahili, sawa. Akinyamaza nusu ya muda, sawa pia. Hifadhi rekodi hiyo, andika tarehe, na usiisikilize mbele yake. Itakuwa na kazi baadaye.

Kisha chukua kitabu cha Kiingereza chochote, ahesabu maneno 100 mfululizo, apige mstari chini ya asiyoyajua. Watafiti wa usomaji hukadiria kwamba msomaji anahitaji kujua takriban maneno 98 kati ya 100 ili asome peke yake kwa raha. Kwa hiyo kitabu chenye mistari 2 ni cha kusoma mwenyewe, chenye 3 hadi 5 ni cha kusoma na msaidizi, na kile chenye mistari zaidi ya 5 kirudi kabatini hata kama ndicho wanachosoma watoto wa jirani. Usimwonee haya mtoto wa miaka 13 anayesoma kitabu cha watoto wa miaka 7. Mwonee haya mzazi anayemnyang'anya.

Hatua ya pili: sikio, na hapa usiwe na haraka

Kiingereza cha shuleni huingia kwa macho. Mtoto anaona neno, analisoma kwa irabu za Kiswahili, na miaka miwili baadaye anashangaa kwamba haelewi mtu akizungumza ilhali maneno yote anayajua. Masikio hayakuwahi kutambulishwa kwa maneno hayo.

Kiswahili kina irabu 5. Kiingereza, kwa matamshi ya Uingereza yanayofundishwa sana, kina sauti za irabu zipatazo 20. Maana yake ni kwamba "cat", "cut" na "cart" yote yanaingia kwenye "a" moja ya Kiswahili na kupotelea humo. "Live" na "leave" vivyo hivyo, "full" na "fool" vivyo hivyo. Mtoto hawezi kutamka tofauti asiyoisikia, kwa hiyo zoezi la kwanza ni la kusikia tu. Tafuta kamusi ya intaneti yenye sauti, msikilizishe moja ya maneno hayo bila yeye kuona kioo cha simu, aseme ni lipi. Mara kumi kwa siku, dakika 3, basi. Baada ya wiki mbili hivi sikio huanza kufunguka, na ulimi hulifuata lenyewe.

Upande wa pili mna habari njema ambayo watu huisahau. Sauti mbili za "th" zinazowatoa jasho Wafaransa na Wajerumani, Kiswahili kinazo zote. "Think" huanza kama "thamani", na "this" huanza kama "dhahabu". Mtoto anayesema "sink" na "zis" mkumbushe maneno hayo mawili na uendelee na mengine.

Kubwa kuliko irabu ni mkazo. Kiswahili hukanyaga silabi ya pili kutoka mwisho, karibu kila mara, na silabi nyingine zote huheshimiwa. Kiingereza hukanyaga silabi moja kwa kishindo na kuziruka nyingine kana kwamba zina moto. Neno "banana" msemaji wa Kiingereza huliminya mwanzo na mwisho, irabu hizo mbili zikawa mguno hafifu, na ya katikati ikabaki peke yake. Tena mkazo huhama: "photograph" hukanyagwa mwanzoni, "photographer" kwenye silabi ya pili, "photographic" kwenye ya tatu. Ndiyo maana "I can go" na "I can't go" huwachanganya wengi. Wanaisubiri ile "t" ya mwisho, wakati tofauti kubwa iko kwenye "can" yenyewe, ambayo katika sentensi ya kukubali huminywa mpaka ikaribie kutoweka.

Zoezi ninalolitegemea ni hili. Chagua sauti ya dakika 2 au 3, iwe hadithi fupi, podikasti ya wanaojifunza lugha au kipande cha filamu ya watoto, na ibaki hiyohiyo wiki nzima. Jumatatu asikilize bila maandishi na aseme kwa Kiswahili alichoambulia. Jumanne asikilize huku akisoma maandishi yake. Jumatano apige mstari kwenye silabi zinazokanyagwa. Alhamisi aseme pamoja na msemaji, nyuma yake kwa nukta moja, kama kivuli, hata akikosa nusu ya maneno. Ijumaa asikilize tena bila maandishi. Mtoto akisikia siku hiyo maneno ambayo Jumatatu yalikuwa kelele tupu, uso wake hubadilika, na hiyo ndiyo zawadi. Hahitaji peremende.

Kuhusu filamu: maandishi ya Kiswahili yakipita chini ya picha, mtoto hufurahia hadithi lakini husikia Kiingereza kidogo sana, kwa sababu macho hula kazi yote. Weka maandishi ya Kiingereza, au usiweke kabisa.

Hatua ya tatu: kusoma kingi na chepesi

Dakika 20 kwa siku, kitabu cha kiwango kilichopimwa katika hatua ya kwanza. Kamusi ikae mbali. Neno asilolijua alikisie na kuendelea. Likijirudia mara tatu ndipo alitafute. Vipo vitabu vilivyoandikwa makusudi kwa wanaojifunza, vyenye hadithi za watu wakubwa lakini maneno machache, na kwa mtoto wa miaka 13 hivyo ni bora kuliko vya chekechea kwa sababu havimdhalilishi.

Ujanja mmoja unaokwepwa bila sababu: asome kwanza jambo lenyewe kwa Kiswahili. Kama ni habari za volkano, asome ukurasa wa Kiswahili kuhusu volkano, ndipo aingie kwenye ule wa Kiingereza. Akili haitakuwa inabeba mizigo miwili kwa mpigo. Wapo walimu watakaosema huko ni kudanganya. Mimi naona ni kumpa mtu tochi kabla ya kuingia pangoni.

Kusoma kitabu kimoja mara mbili pia kunaruhusiwa, na mara ya tatu ndipo misemo huhamia kichwani bila kualikwa.

Hatua ya nne: maneno, kwa kipimo cha dawa

Maneno 5 mapya kwa siku, siku 5 kwa wiki. Yanaonekana machache mpaka uyahesabu: 25 kwa wiki, kama 1,000 kwa wiki 40, na 3,000 kwa miaka mitatu. Maneno 2,000 ya kawaida kabisa, pamoja na ndugu zake, hubeba takriban asilimia 80 ya maandishi mengi ya Kiingereza, kwa hiyo aanze na hayo. Zipo orodha za maneno yanayotumika zaidi, na kamusi nzuri za wanafunzi huyawekea alama.

Tangu Hermann Ebbinghaus alipojipima mwenyewe na kuchapisha matokeo yake mwaka 1885, inajulikana kwamba kilichokaririwa leo huanza kumomonyoka ndani ya saa chache, na kwamba kukirudia kwa nafasi hukizuia kisiondoke. Njia rahisi ya kurudia ni sanduku la kadi ambalo Sebastian Leitner alilieneza miaka ya 1970. Kata karatasi ngumu ziwe kadi. Upande mmoja andika sentensi ya Kiingereza yenye neno lililopigiwa mstari, upande wa pili maana yake kwa Kiswahili. Sanduku liwe na vyumba vitatu: cha kila siku, cha kila siku tatu, cha kila wiki. Akipatia, kadi inasogea chumba cha mbele. Akikosa, inarudi mwanzo hata kama ilikuwa imefika mwisho. Programu za simu hufanya kazi hiyohiyo, ila kadi za mkono hazina matangazo wala michezo.

Sentensi, si neno pekee. Ukiandika "make = kufanya" na "do = kufanya", umemtegea mtoto mtego, kwani Kiingereza husema "make a mistake" lakini "do homework". Vivyo hivyo neno letu "kusikia" hufanya kazi nyingi: tunasikia sauti, tunasikia harufu, tunasikia njaa. Kiingereza kinataka "hear", "smell" na "feel", kila moja na kazi yake. Na neno "pole" halina mwenzake. Mtoto akisema "sorry" kwa mtu aliyejikwaa, anaweza kujibiwa kwamba hilo si kosa lake, akabaki kuduwaa.

Maneno yajifunzwe kwa ukoo. Msemaji wa Kiswahili amezoea kuona "pika", "pikia", "pikwa", "mpishi" na "mapishi" yakitoka kwenye mzizi mmoja, basi aambiwe kwamba Kiingereza nacho kina tabia hiyo, ingawa kwa mpangilio mdogo zaidi: "decide", "decision", "decisive", "undecided". Kadi moja, maneno manne.

Hatua ya tano: kinywa

Hapa ndipo wazazi huharibu. Mtoto amesikiliza mwezi mmoja, mgeni anaingia, na mzazi anasema: "Hebu mwongeleshe mjomba Kiingereza." Mtoto anaganda. Mjomba anacheka kwa upendo, lakini ni kicheko. Mwezi mzima umekwenda na maji.

Usimwombe aonyeshe. Kuongea kwake kuanze peke yake, chumbani, kwa sauti: aeleze anachokiona dirishani, asimulie kitabu alichomaliza, ajihoji na kujijibu. Arekodi dakika moja kila siku, asikilize, arekodi tena. Mara ya pili huwa bora kuliko ya kwanza, na hakuna shahidi wa ile ya kwanza. Siku hizi zipo pia programu za kompyuta za kuzungumza nazo. Ubora wake mkubwa kwa rika hili ni kwamba hazicheki. Zitumike kwa maongezi tu. Zikianza kumwandikia insha, ziondoke.

Kisha mtu mmoja. Si kundi, mmoja: rafiki anayejifunza pia, dada, binamu. Dakika 10, siku mbili kwa wiki, na masharti yawekwe mapema. Hakuna kucheka kosa. Anayesikiliza hasahihishi katikati ya sentensi. Mwisho wa dakika 10 kila mmoja anamwambia mwenzake kosa moja tu, moja, kisha wanarudi Kiswahili. Kama mwenzake anapatikana kwa intaneti, awe mtu mnayemfahamu kama familia, na mazungumzo yafanyike sebuleni.

Mpe silaha chache za kujitetea, azikariri kama wimbo: "Could you say that again?", "How do you say…?", "What I mean is…". Anayejua kuomba msaada kwa Kiingereza hahitaji kukimbilia Kiswahili kila anapokwama, na wanaomsikiliza humwona mtu anayejimudu.

Na wewe usiyejua Kiingereza? Una kazi, tena nzuri. Baada ya chakula mwambie akufundishe sentensi mbili alizojifunza leo. Kosea. Akusahihishe. Ukikosea mbele yake na dunia isianguke, umemfundisha jambo ambalo mwalimu mwenye shahada hawezi kumfundisha. Nimemwona mama mmoja aliyefanya hivi kwa mwaka mzima. Mwisho wake yeye mwenyewe alikuwa anasoma maelezo ya dawa bila kumwita mtu.

Hatua ya mwisho ya kinywa, na isije kabla ya miezi mitatu au minne, ni hadharani: kuuliza swali moja darasani kwa wiki. Aliandike swali mapema na kulifanyia mazoezi nyumbani. Kuuliza ni rahisi kuliko kujibu, kwa sababu anayeuliza ndiye anayechagua maneno.

Hatua ya sita: sarufi kwa kulinganisha

Sitakaa sana hapa, kwa kuwa vitabu vya sarufi vimejaa. Nitataja tu mambo ambayo vitabu hivyo, vikiwa vimeandikwa kwa watu wote, havimwambii msemaji wa Kiswahili.

Nyakati tunazo tayari. "Nimekula" na "nilikula" hutofautiana karibu kama "I have eaten" na "I ate", ilhali wapo wasemaji wa lugha nyingine wanaohangaika miaka na tofauti hiyo. Tahadhari ni kwa vitenzi vya hali: "nimechoka" ni "I am tired". "Husoma" inakaribiana na "reads", yaani desturi; "anasoma sasa hivi" ni "is reading".

"A" na "the" hazina neno lake kwetu, lakini tabia yake tunayo kwenye hadithi. "Palikuwa na mfalme. Yule mfalme alikuwa na binti." Mfalme wa kwanza ni "a king", kwa kuwa hatujamjua, wa pili ni "the king". Mtoto asome hadithi ya Kiswahili akitafuta kila "yule" na "kile" kilichotangulia nomino, ataona mwenyewe.

"He" na "she" zitamsumbua hata akiwa mtu mzima, maana "yeye" haina jinsia. Zoezi: asimulie habari za mwanamke mmoja kwa dakika moja, kisha asimulie habari hizohizo za mwanamume.

Swali la kukanusha ni mtego wa kweli. Ukiulizwa "Hujala?" nawe hujala, kwa Kiswahili utajibu "Ndiyo, sijala." Kiingereza hujibu "No, I haven't." Mtu anaweza kulala njaa kwa kosa hili.

Na saa. Saa moja asubuhi ni "seven o'clock". Azoee kuongeza au kupunguza 6 mpaka asihesabu tena.

Hatua ya saba: kuandika, na daftari la makosa

Mistari mitano kila jioni, kuhusu siku yake, bila kusahihishwa na mtu. Daftari hilo usilifungue. Mara moja kwa wiki yeye mwenyewe achague ukurasa mmoja, aukague na kuunakili upya ukiwa safi, na huo ndio apeleke kwa mwalimu au kwa anayejua zaidi.

Makosa yanayojirudia yaingie kwenye daftari la pili, dogo, lenye makosa matano tu kwa wakati mmoja. "S" ya "she goes". Wakati uliopita wa "teach". Kosa likikaa wiki tatu bila kuonekana, lifutwe na jingine lichukue nafasi. Ukimrudishia mtoto karatasi iliyojaa wino mwekundu, hasomi wino; anasoma kwamba hafai.

Imla imesahaulika, nami sielewi kwa nini. Sentensi 4 kutoka kwenye sauti ya wiki, anasikiliza na kuandika, kisha analinganisha. Sikio, tahajia na sarufi hupimwa kwa dakika 5. Akilalamika kwamba tahajia ya Kiingereza ni ya wazimu, mkubalie, kisha mweleze sababu. William Caxton alipeleka mashine ya kuchapa vitabu Uingereza mwaka 1476, na tahajia ikaanza kuganda wakati matamshi ya irabu yalikuwa bado yanahama. Mhamo huo ulichukua karne kadhaa. "K" ya "knight" iliwahi kutamkwa kweli. Watoto wa rika hili husamehe upuuzi wowote wakijua ulivyoanza.

Lipo pia zoezi la zamani zaidi. Roger Ascham, aliyekuwa mwalimu wa Malkia Elizabeth wa Kwanza, alilitumia kufundisha Kilatini: mwanafunzi hutafsiri kifungu kwenda lugha yake, anaweka kando, baadaye anakirudisha kwenye lugha kilimotoka na kulinganisha na kifungu halisi. Kifungu cha sentensi 5 kinatosha. Tofauti kati ya alichoandika na kilichopo kitabuni ndiyo orodha yake ya masomo ya wiki inayofuata, na imetengenezwa kwa kipimo chake mwenyewe.

Hatua ya nane: Kiingereza cha masomo, na Kiswahili kisiachwe nyuma

Maswali ya mitihani yana vitenzi vyake: "state", "describe", "explain", "compare". Wanafunzi wengi hukosa alama wakijua jibu, kwa sababu walieleza sababu pale walipotakiwa kutaja tu. Vitenzi hivyo viwe kadi za kwanza za mwezi wa tatu tangu aanze, pamoja na viungo vya hoja kama "however", "therefore" na "although".

Daftari la sayansi ligawanywe kwa mstari wa wima: kushoto istilahi ya Kiingereza, kulia maelezo kwa Kiswahili chake mwenyewe. Anayeelewa sehemu ni nini kwa Kiswahili hahitaji kujifunza tena dhana hiyo. Anahitaji neno "fraction" na siku mbili za mazoezi. Asiyeelewa sehemu kwa lugha yoyote, Kiingereza hakitamwelewesha.

Kwa hiyo usipige marufuku Kiswahili nyumbani. Nimeona nyumba zilizofanya hivyo, na kilichopatikana ni ukimya mezani: mtoto ana hoja ya miaka 13 na Kiingereza cha miaka 6, akaamua kunyamaza. Kama mnataka muda wa Kiingereza, tengeni mahali au saa, kwa mfano wakati wa kuosha vyombo, na ukiisha umekwisha. Akichanganya lugha mbili katika sentensi moja asishtakiwe. Wenye lugha mbili wa umri wote hufanya hivyo. Kinachotakiwa ni aweze kutochanganya anapotaka.

Atakapokwama

Atakwama. Mara nyingi ni mwezi wa 6 au wa 7 tangu aanze: maneno ya kawaida ameshayajua, mapya hayajitokezi mara nyingi, na yeye anahisi amesimama. Siku hiyo toa rekodi ya kwanza. Arekodi dakika 2 nyingine, mada ileile, kisha azisikilize zote mbili akiwa peke yake. Usiingie. Ukisikia kicheko nyuma ya mlango, safari hii ni chake.

Kisha badilisha kiwango, usibadilishe njia: kitabu kirefu kidogo, sauti ya watu wawili wanaozungumza badala ya mmoja anayesoma, mada anayoipenda kweli hata kama wewe unaiona ya kipuuzi. Mpira, mitindo ya nywele, michezo ya kompyuta, vyote vina Kiingereza ndani.

Wiki za mitihani acha yote isipokuwa sauti ya wiki na sanduku la kadi. Dakika 15 kwa siku zinatosha kutopoteza kilichopo. Mitihani ikiisha msianze na kitabu kipya. Arudie kimoja alichowahi kukimaliza.